Homa ikishuka, endelea kumtazama mtoto

"Jana homa ilishuka, tukajua amepona." Kauli hii nimeisikia mara nyingi kutoka kwa wazazi wanaomleta mtoto wodini akiwa hoi. Nauguza watoto wenye malaria kali, na ushauri wangu mkubwa ni kwamba kipimajoto hakiwezi kukuambia mtoto yuko hatarini kiasi gani. Mwenye nyuzi 40 anayenyonya na kulia kwa nguvu hunitia wasiwasi mdogo kuliko mwenye nyuzi 37 aliyelegea begani kwa mama yake.

Paracetamol hushusha joto tu, vimelea haiviui. Vimelea huendelea kupasua chembe nyekundu za damu, na chembe zilizoambukizwa hunata kwenye mishipa midogo, hata ya ubongo.

Kwa hiyo mtazame mtoto mwenyewe. Aliyekuwa anakaa, bado anakaa bila kushikiliwa? Ananyonya? Anatapika kila anachopewa, dawa ikiwemo? Mvue nguo uangalie kifua: anahema haraka au kwa kina, mbavu zikibonyea? Wengi hudhani ni kifua tu, kumbe damu imepungua mno au imezidi tindikali. Kisha weka kiganja chake kando ya chako. Kikiwa cheupe kupita kiasi, usisubiri kesho. Upungufu wa damu huja kimyakimya, pengine bila homa kubwa, na baadhi ya watoto hufika wakihitaji kuongezewa damu saa ileile. Macho ya njano na mkojo mweusi navyo ni vya kukimbilia hospitali.

Degedege huwatisha watu kuliko yote. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, wala kijiko wala dawa, kisha angalia saa. Hata likiisha lenyewe, mpeleke. Asipozinduka nusu saa baada ya kutulia, huenda malaria imefika kwenye ubongo. Kuna degedege dogo pia, ambalo hata sisi wauguzi linaweza kutupita: jicho linachezacheza, kidole kinarukaruka, mate yanatoka, basi.

Njiani kuna hatari ya sukari kushuka, hasa kwa ambaye hajala tangu asubuhi. Kama yuko macho na anameza vizuri, mnyonyeshe au mpe maji ya sukari kidogokidogo. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Kituo kidogo kikimwekea mtoto wa chini ya miaka 6 artesuneti, dawa ya kuua vimelea vya malaria, kwenye njia ya haja kubwa, hiyo ni ya kumfikisha hospitali akiwa hai. Wapo wanaoona amechangamka wakageuza kurudi nyumbani, na hilo hunikasirisha, nakiri.

Hospitalini dawa ya kwanza ni sindano ya artesuneti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, ulionyesha kuwa vifo vilikuwa pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kwa waliopewa artesuneti kuliko waliopewa kwinini. Ukiona mwanao anaanzishiwa kwinini, uliza kwa upole kama artesuneti ipo.

Sindano zikiisha, kozi nzima ya dawa mseto ya kumeza lazima ifuate, kwa kawaida siku 3, hata kama mtoto anakimbia uani. Uliza pia lini arudi kupimwa damu, kwa sababu kwa baadhi ya watoto chembe nyekundu huanza kupasuka tena kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya artesuneti. Na homa ikirudi ndani ya wiki hizo, omba kipimo cha hadubini: kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha, na ugonjwa mwingine ukafichwa nyuma ya majibu hayo.