Tiketi ya kurudi niliyoikimbia, nikaipanda miezi minane baadaye

Mkuu, nimekuelewa. Ulipanga wiki nne, wiki ya pili ukapigiwa simu kwamba mzazi kalazwa, ukanunua tiketi ya shirika jingine na kuondoka usiku uleule. Sasa uko nyumbani, mgonjwa anaendelea vizuri, na ile tiketi yako ya kwanza ya kurudi bado ina siku tisa kabla ndege haijaruka. Unauliza kama umpe binamu yako aliye kule, udai hela, au uiache tu ipite.

Binamu msahau. Tiketi ina jina lako na jina halihami, hata mkifanana sura na ukoo. Hela nitazieleza, ila usizipigie mahesabu. Na kuiacha ipite ndilo kosa ambalo mimi nilibakiza saa 19 tu kulifanya.

Yangu ilikuwa hivi. Safari ya siku 30, siku ya 11 nikafiwa. Akili ya mfiwa haisomi masharti ya nauli. Nilinunua tiketi ya kwenda tu ya shirika lililokuwa na kiti asubuhi hiyo, nikarudi. Lile shirika la kwanza sikulipigia hata simu. Mambo yakawa mengi, tiketi nikaisahau kabisa, mpaka siku ya 29 ujumbe ukaingia kwenye simu: safari yako ni kesho, chagua kiti. Ujumbe huo hutumwa saa 24 kabla. Mimi niliusoma saa tano baadaye, nimejilaza.

Nikapiga simu kwa shirika nikiwa na nia moja tu, kwamba wafute. Mhudumu akasikiliza, akanipa pole, halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya nikuandikie marefu haya: "Nifute nafasi peke yake, au nifute na tiketi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema "vyote." Nikamwuliza tofauti ni nini.

Nafasi ni kiti chako kwenye ndege fulani, siku fulani. Inatambulika kwa ule msimbo wa nafasi, wenye herufi na tarakimu jumla sita. Tiketi ni kitu kingine: ndiyo malipo yako, ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Ndani ya tiketi kuna kuponi, moja kwa kila kipande cha safari. Zamani za tiketi za karatasi kuponi zilikuwa vipande halisi, vinachanwa kimoja kimoja kaunta. Tangu Juni 2008 mashirika yaliyo chini ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yameachana na karatasi, lakini utaratibu haujabadilika. Kuponi yako ya kwenda imeandikwa kwamba imetumika. Ya kurudi imeandikwa iko wazi. Nafasi inaweza kufutwa na kuponi ikabaki wazi, na kuponi ikiwa wazi bado una kitu mkononi.

Ndege ikiondoka jina lako likiwa bado limo na wewe hujatokea, hapo ndipo mambo huharibika. Masharti ya nauli nyingi yana bei mbili za kubadili: moja ukibadili kabla ya ndege kuondoka, nyingine ukiwa umeshaikosa. Ya pili huwa kubwa zaidi, na kwenye nauli za bei ya chini mara nyingi haipo kabisa, maana yake thamani yote imekwenda. Kwa hiyo tofauti kati ya mimi kupiga simu saa 19 kabla na kupiga saa moja baada ilikuwa tofauti ya tiketi nzima.

Basi leo, kabla ya kuendelea kusoma ikibidi, piga simu uwaambie hivi: naomba nafasi ya kurudi ifutwe, tiketi ibaki wazi, nitapanga tarehe baadaye. Waambie waandike kwenye kumbukumbu, na uombe barua pepe. Usibonyeze mwenyewe kitufe cha "futa safari" kwenye tovuti kama hujui kinafanya nini, kwa sababu baadhi ya tovuti huchukulia hilo kuwa ni ombi la kurudishiwa hela na kuifunga tiketi palepale. Wala usichekini mtandaoni kwa majaribio. Kuponi iliyokwisha kuchekiniwa hubadilika hali, na itabidi mtu airudishe kwa mkono.

Kama ulinunua kwa wakala, huenda shirika likakwambia rudi kwa wakala. Rudi kwake, lakini usiishie kutuma ujumbe na kulala. Mimi nikimtumia mtu wa kati huwa namwomba anitumie picha ya tiketi baada ya kazi yake, nione mwenyewe neno "wazi" limebaki pale.

Tuje kwenye hela. Watu wengi hudhani wametumia nusu, basi nusu itarudi. Haiendi hivyo. Shirika huchukua ulicholipa, linatoa nauli ya kwenda tu kwa kile kipande ulichosafiri, halafu linatoa adhabu ya kufuta. Na kwenye safari nyingi ndefu nauli ya kwenda tu si nusu ya kwenda na kurudi, ni kubwa kuliko hapo. Tuseme ulilipa 100. Kwenda tu inauzwa 80. Adhabu ni 25. Ukitoa unapata hasi 5, kwa hiyo kwenye nauli hupati hata senti. Hawatakudai hiyo tano, lakini hawatakupa kitu.

Kinachoweza kurudi hata hapo ni kodi na tozo za viwanja ambavyo hukuvipitia, maana nyingine hulipwa tu abiria akiruka. Iangalie risiti yako, zimeorodheshwa moja moja kwa herufi mbili mbili. Ila YQ na YR usizihesabu kirahisi. Zinakaa kwenye safu ya kodi lakini ni tozo za shirika lenyewe, zamani zikiitwa za mafuta, na kwa kawaida zinafuata masharti ya nauli. Kwangu kodi zilizokuwa zinarudi hazikufika hata moja ya kumi ya nilicholipa. Na ukishazichukua, tiketi imefungwa. Nikaamua kutozigusa.

Nilichofanya ni kuigeuza tiketi. Nilijua nitarudi kule, kwa sababu kazi niliyoiacha haikuwa imekwisha. Badala ya kununua tena kwenda na kurudi, miezi minane baadaye nilinunua kwenda tu, nikarudi kwa ile kuponi ya zamani. Ada ya kubadili tarehe ilikuwa kama sehemu moja ya sita ya nauli ya mwanzo. Nikijumlisha ada na ile ya kwenda tu, nilitumia kama robo tatu ya bei ya tiketi mpya ya kwenda na kurudi wakati ule. Si utajiri, lakini robo ni robo.

Mahesabu haya yanaweza kukataa kwako, na sababu ni ileile ya juu. Shirika linalouza kwenda tu kwa bei karibu na kwenda na kurudi litakula faida yote. Dawa yake ni kutafuta kipande cha kwenda mahali ambapo bei haipangwi hivyo. Mashirika ya bei nafuu kwa kawaida huuza kila upande kwa bei yake. Maili pia, yaani zile pointi ambazo shirika humpa abiria wake: programu nyingi za maili hutoza upande mmoja nusu ya safari nzima, na mimi nikiwa na maili huwa nazitunza kwa kazi kama hiyo. Tena si lazima uingie kwa mji uleule. Unaweza kutua mji mwingine wenye nauli rahisi, ukazunguka kwa treni au basi, ukaja kuipandia kuponi yako pale inapoanzia.

Pale inapoanzia, sio katikati. Kuponi hutumika kwa mpangilio. Kama kurudi kwako kuna ndege mbili, huwezi kuiacha ya kwanza na kuwasubiri pale pa kuunganishia. Ukikosa ya kwanza, ya pili nayo inafutwa. Nimemwona mtu kaunta akibishana kwa nusu saa kwamba "lakini hiyo ya pili nimeilipia." Ameilipia kweli, na hakupanda.

Sasa jambo ambalo lingenikamata mimi kama nisingeuliza: muda. Kuna muda mara mbili na watu huuchanganya. Wa kwanza ni uhai wa tiketi. Ikiwa imeshaanza kutumika, kawaida ni mwaka mmoja tangu siku uliyoruka mara ya kwanza, sio tangu siku uliyoifutia nafasi. Wa pili ni muda wa juu wa kukaa, ambao uko ndani ya masharti ya nauli yako, na unaweza kuwa mfupi sana: mwezi mmoja, mitatu, sita, au mwaka. Ukiwa na nauli ya miezi mitatu na unataka kurudi baada ya miezi minane, tiketi ni hai lakini nauli haikuruhusu. Itabidi upandishwe kwenye nauli inayoruhusu na ulipe tofauti. Yangu ilikuwa ya mwaka, bahati tu, sikuichagua kwa akili. Rafiki yangu mmoja aliyejaribu mbinu hii baada yangu alikuwa na ya miezi mitatu, na tofauti ikawa kubwa kuliko kununua upya. Akachukua kodi zake akaachana nayo.

Tofauti nyingine inatoka kwenye herufi. Viti vya daraja moja la ndani ya ndege huuzwa kwa makundi yenye herufi, na kila herufi ina bei yake. Kama tarehe unayoitaka bado ina herufi yako, unalipa ada tu. Kama imekwisha, unalipa ada na tofauti ya kufika herufi iliyobaki. Ndiyo maana nilimpa mhudumu wiki mbili za kuchagua badala ya siku moja, na yeye akapekua mpaka akaipata Jumanne moja. Ukimwambia "nataka Ijumaa ya mwisho wa mwezi" utalipa Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Siku ya kwenda kulikuwa na kisa kidogo. Shirika nililopanda halikuwa na uhusiano wowote na lile la kuponi yangu. Dada wa kaunta akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi: "Hii ni kwenda tu. Kule wanataka tiketi ya kutoka." Nikampa ile ya zamani. Akaandika namba, haikutokea kitu, kwa sababu mfumo wake hauwezi kuona tiketi za wengine. Nikafungua tovuti ya lile shirika kwenye simu, nikaingiza msimbo wa nafasi na jina la ukoo, safari ikatokea na tarehe mpya. Akaiangalia, akaita mwenzake naye akaiangalia, wakanipa kadi ya kupandia. Kwa hiyo ukishapangiwa tarehe, ichapishe na uhakikishe inafunguka mtandaoni. Na kama pasi yako ya kusafiria itabadilishwa kabla ya hapo, jina liandikwe vilevile, herufi kwa herufi.

Mambo mawili ya haraka. Moja, shirika likiifuta ndege yako lenyewe kabla hujaifutia nafasi, hali inageuka upande wako. Kwa safari zilizo chini ya kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 una haki ya kurudishiwa hela ya kipande ambacho hukusafiri, na Marekani wana sheria kama hiyo ambayo tangu 2024 inahesabu hata ratiba ikisogea saa tatu kwa ndege za ndani au saa sita kwa za nje. Kwa hiyo kagua ratiba kwanza kabla hujawapigia. Kama wamekwisha kuibadilisha, mazungumzo yanaanzia kwingine. Mbili, kama una bima ya safari, soma kipengele cha kukatiza safari. Ugonjwa wa mzazi mara nyingi umo, kwa barua ya daktari, ila watauliza umepata nini kwenye tiketi ya mwanzo na watakitoa. Waambie ukweli.

Jambo moja bado linaniuma. Wakati yule mhudumu anafuta nafasi yangu, akasema bila mimi kumwuliza kwamba siku ile niliyokimbilia tiketi mpya, ndege yao ya jioni ilikuwa na nafasi kwa herufi yangu. Ada tu ingetosha. Saa nane za kusubiri.

Ukishapiga simu, rudi hapa utuambie wamekupa muda gani wa juu wa kukaa na herufi yako ni ipi. Ukiweka picha ya tiketi, ziba jina, msimbo wa nafasi na ile namba ya tarakimu 13, maana mwenye msimbo na jina la ukoo anaweza kuingia na kukufutia yote.