Vakyumu ya sakafu ya marumaru na manyoya ya paka: jibu langu kutoka Mikindani

Mkuu mleta uzi, salaam. Kwa wanaoingia sasa, swali la mkuu ni hili: amehamia nyumba mpya Shangani, hapa Mtwara, chini marumaru tupu, ana paka wawili wa ndani na mbwa wa ulinzi anayelala barazani. Mtoto anapiga chafya kila asubuhi. Mfukoni ana laki nne, na muuzaji anamsukumia vakyumu, yaani mashine ya kufyonza vumbi, ya wati 2,000 akimwambia hakuna yenye nguvu kuizidi. Waliotangulia kumjibu, mmoja kasema achukue ya betri, mwingine roboti, na wa tatu kasema atafute fagio zuri aachane na mambo ya wazungu.

Mimi niko Mikindani, nina vyumba vichache vya wageni na paka watatu niliowaweka kwa ajili ya panya. Vyumba vinasafishwa kila siku, mgeni awepo asiwepo, kwa hiyo mashine hizi zinachakaa kwangu haraka kuliko kwenye nyumba ya kawaida.

Nianze na huyo wa fagio, maana ana hoja. Kwenye saruji tupu na uwanjani, fagio halina mpinzani. Shida ni manyoya juu ya marumaru. Ukifagia yanaruka mbele ya fagio, yanapaa kidogo, kisha yanatua nyuma yako ulikokwishapita. Ukideki juu yake ndiyo balaa, yanalowana na kujikunja kuwa nyuzi nyeusi zinazong'ang'ania kwenye grauti kati ya marumaru na marumaru. Hapo ndipo mashine inapolipa gharama yake. Na ukishaipata, utaratibu ni kufyonza kwanza sakafu ikiwa kavu, kudeki baadaye.

Sasa hizo wati 2,000. Wati zinakwambia mashine inakula umeme kiasi gani, hazikwambii inavuta vipi. Umoja wa Ulaya walizuia kuingiza sokoni vakyumu za nyumbani zinazozidi wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, wakashusha tena hadi 900 Septemba 2017, na nyumba zao bado zinasafishika. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa Henry, ile nyekundu ya Kiingereza iliyochorwa uso, niliyouziwa na mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ina wati 620 tu na ilifanya kazi ambayo hiyo ya dukani kwako haiwezi kuizidi kwa chochote ila kelele.

Tena piga hesabu ya umeme wa LUKU. Wati 2,000 kwa nusu saa ni uniti 1. Ukiwasha kila siku, mwezi unaisha umekula uniti 30, na kwa tarifa ya kawaida elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Ya wati 620 kwa muda huohuo inakula uniti 9 na ushee kwa mwezi. Kama uko kwenye lile kundi la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 30 za vakyumu peke yake zinaweza kukutoa humo, na ukitolewa unalipa karibu mara tatu kwa kila uniti.

Muuzaji atakwambia pia uzibe mdomo wa bomba kwa kiganja uone unavyonyonywa. Usikubali kuwa huo ni ushahidi. Ukiziba, hewa imesimama, na kinachobeba manyoya ni hewa inayopita. Mashine inaweza kukung'ang'ania kiganja vizuri kabisa na bado ikashindwa kuokota fundo la manyoya chini ya kochi.

Kitu cha kukagua ni kichwa, yaani ile sehemu bapa inayogusa sakafu. Wauzaji wengi hata hawaitoi kwenye boksi, mwambie aitoe. Geuza uangalie chini.

Kichwa cha kawaida kina kanyagio. Ukikanyaga, brashi inashuka pembeni, ukikanyaga tena inapanda. Kwa marumaru brashi iwe imeshuka, maana inainua kichwa kidogo na kuacha nafasi ya manyoya na mchanga kuingia. Sasa tazama ukingo wa mbele. Kama brashi imezunguka pande zote bila hata pengo moja, kichwa hicho kitayasukuma manyoya mbele chumba kizima kama trekta linalosukuma kifusi, na ukikiinua utayakuta yote yamekusubiri. Tafuta chenye mapengo mbele. Kisha gusa magurudumu. Yawe ya mpira au yamevikwa kitambaa. Yakiwa ya plastiki ngumu, punje ya mchanga ikinasa hapo itakuchorea marumaru mistari, na marumaru yenye mng'ao haikufichii kitu.

Kuna kichwa chenye rola la brashi ngumu linalozungushwa na mota. Hilo ni la zulia. Kwenye marumaru linapiga punje za mchanga zinakurudia miguuni, na manyoya yanajizungusha humo mpaka linakwama. Na si manyoya ya paka tu. Kwenye nyumba yenye mabinti wanaosuka, nyuzi za rasta ndizo zinazoua rola kuliko paka yeyote. Ukilazimika kununua la namna hii, hakikisha rola linachomoka bila bisibisi na lina swichi ya kulizima.

La tatu ni rola laini la kitambaa, linalokuja na baadhi ya vakyumu za betri. Kwa marumaru ni zuri kupita yote niliyotumia, linaokota hata vumbi jembamba kama unga ambalo fagio linalisambaza tu. Lakini halitaki maji. Likilowana kwenye bakuli la paka, kesho linanuka.

Kuhusu sisi wa huku, kuna mchanga. Kipindi cha kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, upepo unapitisha mchanga kwenye nyavu za madirisha, na Shangani uko karibu na ufukwe kama mimi. Wengi tunawawekea paka mchanga wa ufukweni kwenye beseni, nao wakitoka humo wanausambaza nyumba nzima. Mchanga ule una chumvi na unakwangua. Unakula kona za bomba, na ukipita kwenye filta unakula mota. Kwa hiyo kwenye orodha yako filta iliyokaa sawasawa ije kabla ya rangi nzuri na taa za bluu.

Hapa ndipo ninapozipenda zile mashine za pipa, zinazofyonza kavu na majimaji, ambazo mmeziona kwenye sehemu za kuoshea magari. Hazina urembo, zina kelele na ni nzito, ila tumbo lake ni lita 15 na zaidi, mchanga unaangukia chini badala ya kukimbilia filta, na siku bomba la jikoni likipasuka unafyonzea maji. Kumbuka tu kubadili filta. Sponji ni ya majimaji, ya karatasi iliyokunjwakunjwa ni ya vumbi kavu. Kasoro yake kubwa ni kwamba nyingi zinakuja na kichwa cha ovyo. Pima kipenyo cha bomba, ununue kichwa cha brashi peke yake. Hilo linawezekana, na mabadiliko yake utayaona siku hiyohiyo.

Mfuko au bila mfuko? Kwa mwenye mtoto wa chafya, mfuko, kwa sababu vumbi na manyoya unayatupa yakiwa yamefungwa. Lakini kabla hujalipa uliza mifuko ya mashine hiyohiyo inapatikana wapi. Hapa mjini utazunguka sana. Mimi naagiza Dar kwa basi, nachukua mingi kwa mpigo, maana tumeona barabara ikikatika pale Somanga mwaka 2024 na mizigo ikalala njiani. Ipo mifuko ya kitambaa yenye zipu unayoimwaga na kuirudisha. Inasaidia, ila ukiimwaga unakula vumbi ulilolifyonza.

Zisizo na mfuko zinaokoa hiyo gharama, zinakuletea kazi ya filta. Lazima ioshwe, na ikioshwa lazima ikauke kabisa, kwa kawaida saa 24. Huku kwetu mvua zikianza Desemba mpaka Aprili, na unyevu huu wa pwani, saa 24 hazitoshi. Ukiirudisha ikiwa mbichi nyumba itanuka shombo ya paka kila ukiwasha, na mota inavuta unyevu. Nunua filta ya pili siku hiyohiyo unayonunua mashine. Na ukienda kumwaga uchafu, simama upande upepo unakotoka. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Za betri ni nyepesi, huhangaiki na waya wa ekstensheni, na umeme ukikatika unaendelea. Umeme ukiwa mdogo nazo hazijali, wakati ya waya inapungua nguvu kabisa. Ila zile dakika 40 zilizoandikwa kwenye boksi ni za spidi ya chini. Ukiweka spidi ya juu ambayo manyoya ya kwenye kochi yanaihitaji, nyingi hazifiki hata dakika 15. Betri hizi za lithiamu pia zinachoshwa na joto, kwa hiyo usiichajie dirishani juani wala usiiache ndani ya gari. Kitu cha kuuliza ni kama betri inachomoka na inauzwa peke yake. Kama imefungiwa ndani, betri ikichoka mashine nzima imekwisha. Na waranti ya duka la Kariakoo ni nzuri ukikaa Ilala. Ukikaa Mtwara, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, nauli ya mzigo kwenda na kurudi itakuwa juu yako.

Roboti sitasema mengi. Milango yetu ina vizingiti, mikeka ina pindo, na paka akiharisha sebuleni usiku roboti itapaka chumba kizima kabla hujaamka.

Kwa laki nne, mkuu, mimi ningechukua pipa dogo la wati 1,000 hadi 1,200 pamoja na kichwa kizuri cha brashi cha kununua pembeni, na filta mbili. Kinachobaki, glovu za mpira za kuoshea vyombo. Vaa, zilowanishe kidogo, pitisha mkono kwenye kochi kwa upande mmoja, manyoya yanakusanyika mafundomafundo ambayo vakyumu haikuweza kuyang'oa. Mchane paka wako nje kila baada ya siku chache, kazi ya ndani itapungua sana. Ukisubiri malipo ya korosho ndipo uende dukani, jua mji mzima utakuwa umesubiri pia na bei haitakuwa hii.

Ukipata ya mtumba usiogope, za Uingereza zina plagi ileile ya pini tatu bapa kama yetu na umeme uleule, unachomeka tu. Soma kibao cha nyuma. Kikisema volti 220 hadi 240, twende. Kikisema 100 au 120, ni ya Japani au Marekani, ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu ndani ya dakika moja.

Nyumba yako ni mpya, kwa hiyo bado ina vumbi la saruji na la kukata marumaru. Hilo usilifyonze kwa mashine ya nyumbani. Ni jembamba mno, linaziba filta, na likikutana na unyevu linaganda humo ndani. Futa kwa tambara bichi, rudia mpaka maji yatoke safi, ndipo uanze kutumia mashine. Majivu ya jiko la mkaa nayo marufuku, hata ukidhani yamepoa. Kaa moja lenye moto ndani linatosha kuwasha manyoya na vumbi lililomo tumboni.

Nimeliacha la mtoto mwisho kwa sababu ndilo zito. Kinacholeta mzio wa paka si unyoya wenyewe, ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi yake, inayokauka na kushikana na vumbi. Kwa hiyo mashine inayovujisha hewa mgongoni inaweza kuirusha hewani zaidi kuliko fagio. Ukiona neno HEPA, yaani filta ya kunasa chembe ndogo sana, angalia kama ni filta yenyewe au ni stika tu. Daraja la H13 linazuia asilimia 99.95 ya chembe ndogo, lakini kama mfuniko hauna mpira wa kuziba, hewa chafu inapita pembeni ya filta. Washa, pitisha kiganja kwenye maungio yote. Ukihisi upepo mahali ambapo si tundu la kutolea hewa, rudisha kwenye boksi. Wakati unafyonza mtoto awe nje, na arudi baada ya saa moja hivi. Paka wasilale chumbani kwake. Na mpeleke hospitali ya Ligula wamuangalie, maana chafya za asubuhi zinaweza kuwa za paka, za ukungu wa ukutani au za vumbi la godoro, na hakuna vakyumu itakayokwambia ni ipi.

Ukienda dukani chukua manyoya ya paka wako kwenye bahasha na mchanga kidogo. Maduka mengi yana marumaru chini. Mwaga, mwambie muuzaji afyonze kwa kupita mara moja tu. Atakushangaa kidogo, lakini utajua palepale.