Shule inakupeleka Uingereza? Panga matumaini yako kabla hujapanga begi

Hongera kwanza. Najua sa hivi hata ukishika daftari hakuna kinachoingia, mi pia siku jina langu liliposomwa asembli nilikuwa nasoma ukurasa ule ule wa Bayolojia mara kwa mara bila kuelewa kitu. Nilikuwa S.5 (kidato cha tano), shule yetu ya huku Busia, Uganda, ina urafiki na shule moja ya Uingereza, wao walishakuja kwetu na zamu ikawa yetu kwenda, sehemu kubwa ya gharama inabebwa na shule. Sasa niko chuo na kuna wadogo zangu wa shule ile ile wanajiandaa kusafiri, wananiuliza habari za koti na sweta tu, na hiyo ya matumaini hakuna anayeiuliza wakati ndo inayoamua kama utarudi umeshiba safari au umerudi na picha za simu tu.

Ninachosema mimi ni kwamba tumaini lako liwe lako mwenyewe, sio la ukoo, na liwe la kitu unachoweza kukifanya kwa siku hizo chache mtakazokuwa huko.

Tuanze na ukoo maana huo ndo mzigo mzito. Habari ikishafika nyumbani imefika mtaa mzima. Shangazi ataagiza simu, jirani ataagiza viatu vya mtoto wake, halafu kuna yule mjomba (kila familia anaye) atakuvuta pembeni akwambie mwanangu, ukishafika huko jitafutie, usiwe mjinga wa kurudi. Wanaongea kwa upendo, maisha ni magumu na wanaona mlango umefunguka, mi siwalaumu. Lakini wewe una miaka kumi na saba na mabegani umebebeshwa njaa ya watu wazima, utafurahia nini huko? Kwetu mama ndo alinisaidia. Mama anauza mukene (dagaa) sokoni na sio mtu wa maneno mengi, ila jioni moja watu walipojaa sebuleni na maagizo yao aliweka chai mezani akasema, "Huyu anaenda kusoma, hajatumwa soko. Akirudi salama mimi nimeridhika." Ikaisha hapo. Kwa hiyo ongea na mzazi wako mapema, akusemee yeye, kwa sababu kwa malezi yetu wewe mtoto huwezi kumjibu mjomba wako hivyo, na ukinyamaza watachukulia umekubali.

Na hilo la kubaki huko nalisema bila kuzunguka: usifanye. Viza mtakayopewa ni ya mgeni, mwisho wake miezi sita na hairuhusu kufanya kazi, na ukiwa chini ya miaka kumi na nane mzazi anaandika barua ya ruhusa na mtu mzima unayesafiri naye anatajwa kwenye maombi. Mwalimu wako amejiweka dhamana kwa ajili yako. Ukitoroka wewe, wale wa S.2 wanaosubiri zamu yao ndo watalipa, na maisha ya kujificha bila karatasi kwenye nchi ya watu sio maisha ya kumtakia mtoto wa mtu.

Sasa tumaini lako wewe. Mwalimu wetu wa Historia alitupa kila mmoja nusu karatasi, andika unatarajia nini. Mi niliandika nataka kujifunza mambo mengi na kuona dunia. Ikarudi na kalamu nyekundu imeandikwa neno moja, "Yapi?" Nikaandika tena, ikarudi tena. Mwisho nilibaki na mambo mawili: nataka kufanya praktikali ya Kemia kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu huku tunazunguka bureti moja (ule mrija wa kupimia kimiminika) kundi zima na wa nyuma anaandika alichosimuliwa, na pili nataka nikakione kile kichwa cha Luzira.

Kama hukijui, mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wanachimba pale gereza la Luzira nje kidogo ya Kampala walifukua sanamu ya udongo iliyovunjika, kichwa cha mtu na vipande vingine, kazi ya mikono ya watu wa huku zamani sana. Kiko British Museum, London. Kuingia ni bure, hivyo usiogope hela. Mi nikaomba mapema, walimu wakaliweka kwenye ratiba, na siku nimesimama mbele ya kile kioo na yule mwanafunzi wa kule niliyekuwa nakaa kwao akaniuliza, sasa kwa nini kiko hapa na sio kwenu? Swali zuri sana lile, tukaliongea mpaka kwenye treni, na naamini urafiki wetu ulianzia hapo kwa sababu kabla ya hapo tulikuwa tunaulizana tu habari za mpira. Siku hizi una hata la kuongezea: Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu 39 Uganda, vikaenda Uganda Museum, japo kwa mkataba wa mkopo, na hapo kwenye neno mkopo mnaweza kubishana usiku mzima. Na ushauri wangu, mkienda Kampala kutoa alama za vidole za viza mwombeni mwalimu mpite Uganda Museum kwanza, ipo tangu 1908, maana ni vibaya ukajua makumbusho ya London kabla ya ile ya nyumbani.

Watu mtakaokaa nao pia wana matumaini yao juu yako, hili watu wengi hawalifikirii. Wametayarisha chumba, wamesoma habari za Uganda, wanataka uongee. Sisi tumelelewa mtoto akila na wakubwa ananyamaza, na mi jioni za mwanzo nilikaa kimya kwa heshima zote, kumbe mama wa pale anadhani naumwa au nimekataa chakula chake. Kule mezani ndo mahali pa kusimulia siku yako ilikuwaje, hata mdogo wa miaka saba anasimulia na baba anamsikiliza. Basi simulia. Jua vizuri habari za kwenu, mto Nile unaanzia wapi, chakula mnachokula, nani anatawala na mnachaguaje. Bibi wa nyumba ile alikumbuka akiwa msichana aliona habari za Malkia Elizabeth kufungua bwawa la Owen Falls pale Jinja mwaka 1954, nikamwambia siku hizi linaitwa Nalubaale na bado linatoa umeme, alifurahi yule bibi acha tu.

Kama wewe ni Mwislamu kama mimi, sema mapema habari ya nyama na swala, usisubiri kuwekewa sahani mbele. Na jiandae na jua. Sisi huku linazama karibu saa moja mwaka mzima, kule mwezi wa sita na wa saba saa tatu usiku bado kweupe kabisa, unasubiri magharibi mpaka macho yanauma na kesho yake saa mbili asubuhi mnatakiwa kuwa shuleni. Niliomba ratiba ya swala ya msikiti wa mji ule na mama wa pale akaibandika mlangoni mwa friji, akawa ananikumbusha yeye.

Na kama mnaenda kipindi hicho theluji itoe kwenye orodha, hakuna, ila sweta beba. Chaja beba ya kwako, soketi zao ni za pini tatu kama zetu. Zawadi kahawa ya Bugisu inatosha na inapendeza, nyama na maziwa hata kama mama ndo kakufungia haviruhusiwi kuingia navyo.

Karatasi sasa, na hapa naomba unisikilize kwa sababu nimeona mtu akibaki hivi hivi, tulikuwa naye kwenye mazoezi yote na hakusafiri. Angalia jina lako. Shuleni wanaandika Aisha, kwenye NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ni Aisa, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo hulitumii, na kurekebisha kunachukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Chukua karatasi zote leo uziweke mezani pamoja na vitambulisho vya wazazi usome herufi kwa herufi. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000, uliza shule kwa maandishi kama wanalipa wao au ni nyie, na nauli za Kampala na pesa ya mfukoni ni za nani, sio jambo la aibu kuuliza, mzazi anahitaji kujipanga. Chanjo ya homa ya manjano kama hujachoma choma sasa, ile kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na ukirudi Entebbe wanaweza kuitaka. Ukikuta jina lina kasoro usingoje mkutano wa wazazi, mwambie mwalimu kesho asubuhi na wiki hii hii mzazi akupeleke NIRA, ofisi ya usajili na vitambulisho vya taifa.