Boti ya kuishi: kabla ya kuanza safari kwenye mifereji ya Uingereza kiangazi

Ndugu, kwa kuwa boti imelala majira yote ya baridi na mnataka kuzunguka mifereji miezi mitatu, anza na dizeli. Tangi lililobaki nusu hutoa jasho ndani. Maji hutuama chini, vijidudu huota humo, na ute wao mweusi huziba filta. Nyonya sakafu ya tangi kwa pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi, badilisha filta, kisha toa hewa kwenye mfumo, la sivyo injini haitawaka. Beba filta mbili za akiba na mkanda wa altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri).

Betri za asidi za volti 12 zipimwe zikiwa zimepumzika saa kadhaa: volti 12.7 zimejaa, 12.2 ni nusu tu.

Kubwa kuliko yote ni mfuniko wa tundu lililo juu ya panga boi, la kutolea takataka zilizojizungusha humo. Mpira wake wa kuzuia maji ukichoka, au ukifunga mfuniko kwa haraka, ukitia gia panga boi hurusha maji ndani na boti huweza kuzama. Badilisha mpira sasa. Kila ukifungua mfuniko njiani, zima injini na utoe ufunguo. Ukishaufunga, endesha taratibu kwanza huku ukichungulia ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, kama maji yanaingia.