Barua kwa mwanangu: maji yanakwenda wapi?

Mabatini, Mwanza

Mama yangu,

Ujumbe wako uliingia nikiwa kazini, nikausoma jioni baada ya kuosha saruji mikononi. Unaniuliza kama uache usanifu wa mandhari uhamie usanifu majengo kabla mwaka wa pili haujaanza hapo Chuo Kikuu Ardhi, maana wenzako hosteli wanakuita "fundi maua", na mjomba wako kakuambia Mwanza hakuna atakayekulipa kwa kupanda nyasi.

Usihame.

Mjomba wako namheshimu, ila kwa hili hajui asemalo. Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Ulikuwa darasa la tatu nilipojenga ukuta wa kuzuia udongo kwa mzee mmoja huku mlimani. Mawe yetu unayajua kwa ugumu. Nilichagua moja moja, nikayapanga yakakaa kama meno, ukuta ukanipita kimo. Watu walisimama njiani kuutazama. Masika yalipoanza ukavimba katikati kama tumbo la mjamzito, na usiku wa pili ukalala chini, ukaondoka na choo cha jirani. Mawe hayakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyesahau kuacha matundu ya kutolea maji, wala sikujaza kokoto nyuma ya ukuta. Maji yakajaa kwenye udongo, yakasukuma. Nilijenga upya kwa pesa yangu; ndiyo maana mwaka ule mlienda shule na sare zenye viraka.

Tangu hapo, kabla sijagusa jiwe nauliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Wewe unasomea swali hilohilo, tena kwa mji mzima.

Utazame mlima wetu. Kila anayejenga anasawazisha kiwanja chake, anamwaga zege uani, maji anamsukumia wa chini. Naye anamsukumia aliye chini yake. Mwisho yote yanakutana Mto Mirongo, pamoja na chupa na nepi, na wa bondeni ndio wanaohamisha magodoro usiku. Mhandisi atachimba mtaro mkubwa zaidi. Msanifu majengo atachora nyumba nzuri. Nani anasimama kule juu na kusema hapa miti ibaki, hapa maji yapunguzwe kasi kwa matuta ya mawe, hapa pawe uwanja wa watoto ambao mvua ikizidi ugeuke bwawa siku mbili kisha ukauke? Huyo ndiye fundi maua wao.

Ufukweni nako ni vilevile. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda uliona mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi waliisikia kama sheria ya kufukuza watu, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha mita hizo 60 zikitunzwa zinafananaje. Na yale mafunjo tunayofyeka ili tuone ziwa ndiyo yanayozuia matope yasiingie majini.

Likizo ile uliponisimulia habari za Olmsted, yule Mmarekani aliyebuni Central Park ya New York na mwenzake Vaux mwaka 1858, wewe ulisifia miti na njia. Mimi kilichonikaa kichwani ni kwamba walipasua miamba kwa baruti na kuzika mabomba ya udongo kukausha kinamasi. Nikasema huyu tungeelewana. (Tena alikuwa mkulima kabla ya yote hayo. Mwambie mjomba.)

Sasa nikuudhi kidogo. Michoro uliyonitumia inapendeza, lakini ngazi zako zinapanda mteremko moja kwa moja. Mama anayetoka Mwaloni na beseni la samaki kichwani hapandi hivyo, anakata kwa upande. Katazame watu wanapopita ndipo ufungue kompyuta. Majina ya miti nayo yajue kwa midomo ya wauza miche. Ukimwandikia fundi Kilatini kitupu atapanda alichonacho. Kuhusu ajira sikudanganyi, nafasi si nyingi, na hata ukihitimu utafanya kazi kwanza chini ya aliyesajiliwa ndipo Bodi ya usajili wa wasanifu ikutahini. Bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, likiingia, nunua buti kabla ya simu.

Umesema ofisi moja ya Dar imekukubali fildi. Nenda, ila wiki mbili za mwanzo wa likizo ni zangu. Nimepata kazi Igogo, kiwanja cha mteremko mkali chenye jabali katikati, na mwenyewe anataka lipasuliwe. Sijamjibu. Nataka ulione kwanza, tupime wote maji yanapolizunguka. Ule mpira wa maji wa kupimia usawa upo, ila mama yako ameufanya kamba ya kuanikia nguo. Ukija, mletee kamba.

Baba yako