Kijana wangu anavuta vepu na kusema ni mvuke tu

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mie ni mama, niko Wete, Pemba. Kijana wangu wa miaka 17 nimemkuta na vepu, hii sigara ya umeme, kwenye mkoba wa skuli, inanukia embe. Anasema ni mvuke tu, hakuna aya inayoukataza, na una nafuu kuliko sigara. Ramadhani iliyopita alivuta mchana akihesabu saumu yake imo. Baba yake ameapa kumtoa nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, dada yangu. Uchungu wako nimeuhisi, na hili neno "mvuke tu" nimechoka kulisikia kwa vijana.

Mvuke wa chungu cha wali ni maji. Vepu ina waya unaopata moto na kuchemsha kimiminika cha glisirini na propilini glaikoli, kilichotiwa ladha na mara nyingi nikotini, ileile iliyomo kwenye tumbaku na ugoro. Ubongo wa kijana haujamaliza kukua mpaka karibu miaka 25, na nikotini humfunga upesi kuliko mtu mzima. Halafu nani anajua kilichomo? Marekani, kuanzia 2019 hadi Februari 2020, walihesabiwa wagonjwa 2,807 wa mapafu kwa uvutaji huu, na 68 walikufa. Wengi wao walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na aseteti ya vitamini E, wala hawakujua.

Ati hakuna aya! Unga wa kulevya nao haukutajwa kwa jina, na sijamuona kijana wa Pemba akisema ni halali. Mola amesema: "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo" (al-Baqara, 195). Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akasema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wanavyuoni wa zamani walikhitalifiana juu ya tumbaku kwa sababu madhara yake hayajawabainikia. Sisi yametubainikia, kwa hivyo kauli ya makruhu, yaani lachukiza tu wala si haramu, haina pa kusimama.

Ama nafuu kuliko sigara, hiyo ni hoja ya mvutaji wa miaka mingi anayetaka kuacha, na Uingereza madaktari huwaruhusu watu wazima kuitumia kwa ajili hiyo. Mwanao hakuwa akivuta sigara. Anaacha nini?

Basi kuvuta ni haramu. Na saumu imebatilika: mafaqihi wetu wa Kishafii wamesema moshi wa tumbaku unafunguza, na huu mvuke wa vepu una ladha na dutu inayoingia kwa kukusudia. Atubie, azilipe siku hizo kabla ya Ramadhani ijayo.

Sasa baba yake. Tafadhali msomee haya. Kijana mmoja alimwendea Mtume akaomba ruhusa ya zinaa. Masahaba wakamkemea, Mtume akamwambia asogee, akaketi naye, akamuuliza kama angeliridhia hayo kwa mama yake. Hakumfukuza. Kijana akitolewa nyumbani atalala kwa nani, kama si kwa hao hao waliompa vepu? Kiapo kisimzuie: aliyeapa kisha akaona jambo bora kuliko alichoapia, afanye lililo bora na atoe kafara. Alishe masikini kumi au awavishe; akishindwa, afunge siku tatu.

Wewe mkalishe baada ya chakula cha usiku, bila ya wadogo zake kusikia. Muulize alianza lini, na nani anayemuuzia. Akiwa hawezi kuacha, mpeleke kwa daktari bila ya kumwaibisha. Na kichupa alichokificha usikitupe jaani: nikotini ya maji ni sumu kwa mtoto mdogo atakayeiokota.