Fonti zikikosekana kwenye LaTeX, usikimbilie kununua mega za intaneti

Msimu wa kudepoze, yaani kukabidhi, TFC na memware, zile kazi za kumalizia masomo ya chuo, ukifika hapa Bukavu, Kongo, hakukosi mtu anakuja na flashi mkononi, sura imemshuka, anasema yaya, kazi yangu imetoka tupu. Unafungua unaona kweli, meza zimebaki na mistari yake, hesabu zote zipo, lakini maneno hakuna, ukurasa mweupe. Na mtu wa kwanza aliyemuuliza ameshamwambia anunue mega, aweke upya LaTeX, ile programu ya kupanga maandishi. Tafadhali usifanye hivyo hata kama mega unazo, juu kile unachokitafuta kiko tayari ndani ya mashini yako, ni fonti, yaani sura za herufi, bado tu hazijachorwa.

Sikia kwanza namna inavyofanya kazi. TeX, ile programu ya Donald Knuth ya tangu 1978 ambayo LaTeX inaitegemea, yenyewe haijui sura ya herufi hata moja. Inasoma fishie (faili) ndogo za TFM zinazoiambia upana na kimo cha kila herufi, inapanga ukurasa, inaandika fishie ya DVI, yaani ukurasa uliopangwa, imemaliza. Ndani ya DVI kuko majina ya fonti na mahali pa kuweka kila herufi, pamoja na mistari ya meza, ndo maana mistari inabaki. Anayetafuta sura ya herufi ni dvips, programu inayogeuza DVI iwe tayari kuprintiwa, anatafuta fishie ya PK, yaani bitimapu, nukta zilizopangwa kwa kipimo cha imprimanti (printa) moja, 300 au 600 kwa inchi. Asipoipata anaacha nafasi wazi na kazi inaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Na sisi inatupata sana juu tunaandika Kifaransa. Ukiweka fontenc ya T1 (mpango wa herufi zenye alama) ili maneno yenye é na ç yakatike vizuri mwisho wa mstari, TeX inaacha fonti zake za kawaida za cmr inahamia za EC, ecrm1000, ecbx1200 na wenzake, na kwenye mashini ya zamani hizo mara nyingi hazijawahi kuchorwa. Fonti za hesabu zilishachorwa na mtu zamani, ndo maana hesabu unaziona.

Anayechora fonti ni Metafont, programu ya kuchora herufi, naye amekuja pamoja na TeX. Kwa kawaida dvips anamwita mwenyewe kupitia komandi mktexpk, na akishindwa anaacha fishie inaitwa missfont.log ndani ya dosye (folda) yako. Ifungue hiyo kabla ya kitu kingine chochote! Ndani utakuta komandi kamili za fonti zote zilizokosekana, andika tu

sh missfont.log

halafu subiri, fonti za EC zinachelewa kuliko cmr kwenye prosesa ya zamani, usiizime ukidhani imekwama. Kama inakataa tena, mara nyingi ni juu ya ruhusa, mashini haiwezi kuandika pale inapohifadhi fonti, angalia kpsewhich -expand-var '$VARTEXFONTS' inakuonyesha dosye gani kisha hakikisha unaweza kuandika humo.

Ukitaka kuchora moja moja:

mktexpk --mfmode ljfour --bdpi 600 --mag 1+0/600 --dpi 600 ecrm1000

Hapo kwenye mode, yaani aina ya imprimanti, ndo uwe makini kabisa. ljfour ni ya imprimanti za leza za 600, cx ni ya zile za zamani za 300, na mode haibebi namba peke yake, inabeba pia kiasi cha kunenepesha herufi juu kila imprimanti inamwaga wino wake kivyake, kwa hiyo muulize mwenye sekretaria, pale unapoprinti, imprimanti yake ni ya ngapi kabla hujachora. Ukichora za 600 ukaprinti kwenye ya 300 herufi zinatoka zimechakaa pembeni, na jury wanaona. Na kwa anayemwita Metafont kwa mkono, usisahau mode:

mf '\mode=cx; mag=1; nonstopmode; input cmr10'
gftopk cmr10.300gf cmr10.300pk

Ukiona imekutolea cmr10.2602gf ujue mode haikusomwa, hiyo ni saizi ya kuchunguzia herufi moja moja kwa macho, haifai kuprinti.

Mimi ushauri wangu mkubwa ni huu, usingoje siku ya depo. Umeme ukiwepo, andika fishie fupi yenye kila kitu utakachotumia, vichwa, herufi nene, za kulala, maelezo ya chini ya ukurasa, ipitishe latex kisha dvips, fonti zote zitachorwa kwa mpigo mmoja. PK moja ni kilobaiti chache tu, kopi dosye nzima ya fonti kwenye flashi, zinafanya kazi kwenye mashini yoyote yenye TeX, ukishaziweka kwenye dosye ya fonti ya mashini hiyo andika mktexlsr ili izione.

Kama profesa anataka PDF ya kusoma kwenye ekra, hapo ni habari nyingine, bitimapu kwenye ekra mara nyingi zinaonekana na ukungu, weka fonti za lmodern kama ziko kwenye mashini yako, cm-super nayo ni nzuri ila ni makumi ya mega, hiyo kopi kwa rafiki aliye nayo.